Karatasi Kongwe na Koo la Mwimbaji: Nani Aliyetuhifadhia Mashairi ya Bhakti?

Mwaka 1582, katika mji wa Fatehpur, Rajasthan, mwandishi mmoja alimaliza kunakili mashairi ya bhakti, yaani ya ibada na mapenzi kwa Mungu, kwa ajili ya mtoto wa mtawala. Mswada huo, ambao leo umehifadhiwa Jaipur, ndio wa kale kuliko yote yenye tarehe iliyobeba mashairi ya Surdas, malenga anayesimuliwa kuwa alikuwa kipofu na aliyemwimbia mungu Krishna kwa Braj, lugha ya kaskazini mwa India. Ukiyahesabu mashairi yenye jina la Sur humo ndani, na kuyaondoa yaliyojirudia, unabaki na 239. Ukifungua diwani yake, Sursagar, iliyochapishwa na jumuiya ya Nagari Pracharini Sabha ya Varanasi katika karne ya 20, unakuta takribani 5,000.

Pengo kati ya tarakimu hizo mbili limezaa mjadala mrefu miongoni mwa wanaosoma fasihi ya kidini ya India, na mjadala wenyewe haumhusu Surdas peke yake. Kabir mfumaji wa Varanasi, Mirabai binti wa ukoo wa watawala wa Merta, Ravidas mshona ngozi na Namdev mshona nguo, wote wana mashairi mengi zaidi vinywani mwa watu kuliko yanayothibitishwa na miswada ya kale. Upande mmoja wapo wahakiki wa miswada, wanaoshikilia kwamba shairi lisiloonekana katika nakala za mwanzo lisihesabiwe kuwa la mtunzi anayetajwa ndani yake. Upande wa pili wapo waimbaji, ambao kwao shairi ni la Kabir kwa kuwa linasema kama Kabir, linataja jina la Kabir, na wao walilipokea kwa waliowatangulia likiwa la Kabir. Katika maandishi ya kitaaluma upande wa kwanza husikika zaidi, na sababu haiko mbali: ndio wenye kuandika. Wa pili hutajwa mara nyingi kama chanzo cha uchafu ulioingia katika mashairi, ambao kazi ya msomi ni kuusafisha. Tuhuma hiyo naiona nzito kuliko ushahidi wake.

Hata hivyo hoja ya wahakiki haina wepesi wowote, na ni haki ielezwe kwa ukamilifu. Bila ya miswada ya kale tungemjua Surdas mmoja tu, yule wa masimulizi ya madhehebu ya Vallabha, mwalimu wa ibada ya Krishna. Masimulizi hayo ya karne ya 17 yanamweleza kuwa mwanafunzi mtiifu, aliyeacha mashairi ya kulia na kujilaumu mara tu mwalimu huyo alipomfungulia siri ya utoto wa Krishna. Kenneth Bryant na John Stratton Hawley, katika toleo lao la mwaka 2015 lenye mashairi 433 yanayoonekana kuwa yaliimbwa tangu karne ya 16, walituonyesha Sur mwingine. Humo Vallabha hatajwi, na mashairi ya majuto na ya kumsihi Mungu yamejaa tele, yakiwa na ukali wa lugha na ufundi wa ghafla ambao katika diwani kubwa ya baadaye ulikuwa umefunikwa na wingi. Mtunzi aliyekuwa ameyeyushwa ndani ya madhehebu alirudishiwa sura yake, na aliyemrudishia ni mtu aliyeketi na karatasi kongwe akilinganisha herufi kwa herufi.

Kwa Kabir jambo lina uzito zaidi. Masimulizi ya baadaye yalimtafutia mama mjane wa Kibrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, kana kwamba hekima ya kiwango kile isingeweza kuzaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya wafumaji. Lakini katika mashairi yake yaliyoingia kwenye kitabu kitakatifu cha Masingasinga mwaka 1604, na katika makusanyo ya zamani ya Rajasthan, Kabir anajiita julaha, yaani mfumaji, bila kumwomba mtu radhi. Hapa nakala ya kale imemlinda mnyonge dhidi ya wapenzi wake waliotaka kumpandisha cheo. Tukumbuke pia tafsiri ya Kiingereza ya mashairi 100 ya Kabir aliyoitoa Rabindranath Tagore mwaka 1915, kutokana na mkusanyo wa Kshitimohan Sen aliyetegemea sana waimbaji. Kitabu hicho ndicho kilichomtambulisha Kabir Ulaya na Marekani, na wahakiki walipokuja kukipima waligundua kwamba ni mashairi machache sana ndani yake yanayopatikana katika miswada ya zamani. Kabir wa kitabu kile ni mpole, mwenye mapenzi na mafumbo, ilhali yule wa Bijak, kitabu cha wafuasi wake wa mashariki, anamsimamisha mulla wa Waislamu na pandit, mwanachuoni wa Kihindu, njiani na kuwauliza maswali yasiyo na adabu. Anayempenda Kabir mkali ana deni kwa wahakiki.

Lakini karatasi nayo ina udanganyifu wake. Mwaka 1928 Shyamsundar Das alichapisha diwani ya Kabir akitegemea mswada uliodaiwa kuwa wa mwaka 1504, tarehe ambayo ingeuweka karibu kabisa na uhai wa mtunzi. Wasomi waliouchunguza baadaye waliona kwamba maandishi ya tarehe ile yaliandikwa kwa mkono tofauti na ulionakili mashairi. Mtu mmoja, wakati fulani, aliona kwamba mashairi yangeheshimiwa zaidi yakiongezewa umri, akachovya kalamu. Kalamu ilifanya kosa lilelile linalobebeshwa waimbaji siku zote.

Narudi kwenye zile 239, kwa kuwa kila ninapozitazama naziona zinasema machache kuliko zinavyosemeshwa. Kwanza, zinahesabu nini? Zinahesabu mashairi yaliyomfikia mwandishi mmoja, katika mji mmoja wa Rajasthan, mbali na nchi ya Braj ambako nyimbo hizi zilikuwa chakula cha kila siku, kwa ajili ya mtoto mmoja wa nyumba ya watawala. Ni kiwango cha juu cha anachokijua mwanahistoria kuhusu siku ile, na hakiwezi kuwa kiwango cha juu cha mashairi yaliyokuwapo. Na ndani ya mswada huohuo yamo mashairi yaliyoandikwa zaidi ya mara moja kwa maneno yanayotofautiana, dalili kwamba vyanzo vya mwandishi vilikuwa zaidi ya kimoja na kila kimoja kilikuwa tayari kimepita katika sauti za watu. Basi hata nakala kongwe kuliko zote tunaikuta ikiwa imekwisha kuimbwa. Yule anayetafuta karatasi iliyotangulia uimbaji, asahihishe kwayo uimbaji, anatafuta kitu ambacho mswada wenyewe unakana kuwa nacho.

Pili, tukubali kwa ajili ya hoja kwamba zile nyingine, kama 4,700 hivi, zote ni za watu wengine. Je, watu hao walifanya nini? Mwizi wa ushairi huchukua shairi la mwenziwe akalitia jina lake. Hawa walifanya kinyume: walitunga, pengine beti bora kuliko zote walizowahi kutunga maishani, wakazitia jina la mzee kipofu aliyekufa zamani, wakaondoka duniani bila ya kukumbukwa. Kwa karne tatu au nne, kijiji baada ya kijiji, watu walitoa kazi zao bila kudai chochote. Kuuita mtiririko huo uchafuzi ni kutumia kipimo cha haki ya mtunzi, kipimo cha wachapishaji, juu ya watu ambao hawakuwa na duka la vitabu wala hawakulihitaji. Mapokeo yenyewe yanalijua jambo hili na yanalieleza kwa njia yake. Yanasimulia kwamba Sur aliweka nadhiri ya kutunga mashairi 125,000, akafa kabla ya kutimiza, na Krishna mwenyewe akamalizia yale 25,000 yaliyobaki kwa saini ya Surshyam. Waliosimulia kisa hicho walijua wazi kwamba diwani ina mkono zaidi ya mmoja, na mkono ule wa pili wakaupa heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

Msomaji wa tenzi za Kiswahili amezoea mtunzi ajitaje mwishoni, ili asomaye ajue nani wa kumwombea dua. Katika mashairi ya bhakti saini hiyo huitwa bhanita au chhap, nayo hukaa katika mishororo ya mwisho: "Asema Kabir, sikilizeni, ndugu wacha Mungu." Hawley ameeleza kwa makini kwamba saini hii inataja mamlaka ya shairi zaidi ya kumtaja aliyelitunga, yaani inamwambia msikilizaji ni kwa sauti ya nani maneno haya yapimwe. Mwimbaji anapofika pale hupunguza kasi, matoazi hutulia, na wasikilizaji waliokuwa wakitikisa vichwa huinua nyuso, kwa kuwa shairi zima linatiwa muhuri. Nasi pia tuna Fumo Liyongo, ambaye jina lake limevuta mashairi mengi kuliko awezavyo kuyatunga mtu mmoja, na sijamsikia mzee wa Lamu akilichukia jina hilo kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa kusini, katika nchi ya Watamili ambako mkondo huu ulianza katika karne ya 6 hivi, yako masimulizi mawili ya uokoaji wa mashairi ambayo kila mtetezi wa maandishi huyapenda. La kwanza ni la Nathamuni, mwanachuoni wa karne ya 10. Yasimuliwa kwamba siku moja aliwasikia mahujaji wakiimba beti kumi za kumsifu mungu Vishnu, na mshororo wa mwisho ukasema kwamba hizi ni kumi katika elfu. Akawauliza: zile nyingine ziko wapi? Hawakuzijua. Akafunga safari hadi kwao Nammalvar, mtunzi wake, akamkuta mtu aliyekuwa bado anahifadhi beti chache za mwanafunzi wa malenga huyo, akazikariri mara 12,000 hadi Nammalvar alipomtokea na kumpa zote. Leo kitabu kilichotokana na kazi ya Nathamuni, chenye beti 4,000 za watunzi 12, huimbwa katika mahekalu ya Vishnu kote katika nchi hiyo.

La pili linawahusu Appar, Sambandar na Sundarar, walioimba sifa za mungu Shiva. Mfalme wa Chola, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa Rajaraja wa Kwanza, alitaka mashairi yao yote, na Nambi Andar Nambi akamwambia kwamba yamefungiwa katika chumba cha hekalu la Chidambaram. Walinzi wa hekalu wakasema mlango haufunguliwi mpaka waliotia mikono yao waje wenyewe. Mfalme akaagiza sanamu za malenga watatu zibebwe kwa maandamano hadi mlangoni, na walinzi wakakosa la kujibu. Ndani wakakuta kichuguu: mchwa walikuwa wameyala majani ya mvumo yaliyoandikwa mashairi hayo, na kilichookolewa kilikuwa sehemu tu, tenzi 796.

Wengi huishia hapo, kwa mchwa, wakapata funzo kwamba yasiponakiliwa yatapotea. Lakini masimulizi yanaendelea. Majani yalikuwa na maneno bila ya mahadhi, na hakuna katika waliokuwapo aliyejua yaimbwe vipi. Ikabidi atafutwe mwanamke wa ukoo wa Nilakanta Yalpanar, mpiga zeze wa jamii ya wapiga muziki wa tabaka la chini aliyekuwa akifuatana na Sambandar, na ni huyo mwanamke, ambaye jina lake masimulizi hayakulitunza, aliyeyarudishia mashairi sauti zake. Katika simulizi la Nathamuni, bila ya mahujaji kuimba asingejua kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Katika hili la pili, bila ya mwanamke yule mfalme angebaki na majani yaliyotobolewa na wadudu. Yote mawili husomwa kama sifa za kitabu, na katika yote mawili kitabu kinamwomba mwimbaji msaada.

Kuna swali jingine ambalo mizani ya karatasi kongwe haiwezi kulipima, nalo ni la nani aliyeshika kalamu. Mirabai ndiye mfano ulio wazi. Mashairi yake yanayoonekana katika miswada ya mwanzo ni ya kuhesabu kwa vidole. Katika mswada wa Kartarpur wa mwaka 1604, ambao ndio msingi wa kitabu cha Masingasinga, shairi moja la Mira liliandikwa kisha likapigwa mstari. Mhakiki makini husema: ushahidi ni mdogo, tunyamaze. Lakini Mira ni mwanamke aliyekataa amri ya wakwe zake wa nyumba ya kifalme, akaimba hadharani pamoja na watu ambao mwanamke wa daraja lake hakuruhusiwa hata kuwatazama. Nani katika mji ule angelipa wino na karatasi ili maneno yake yakae? Parita Mukta, mtafiti mwenye asili ya familia ya Kigujarati iliyohamia Kenya, alizunguka katika vijiji vya Rajasthan na Saurashtra akasikiliza vikundi vya waimbaji wa matabaka ya chini, na katika kitabu chake cha mwaka 1994 alieleza kwamba miongoni mwa Warajputi, watu wa ukoo wa Mira mwenyewe, jina lake lilikuwa la kuepukwa na hata lilitumika kama tusi. Waliomweka hai ni wafumaji, watu wa ngozi, wakulima na wanawake, waliokusanyika usiku baada ya kazi, wakipokezana mishororo hadi alfajiri. Ukimya wa miswada kuhusu Mira si ukosefu wa ushahidi tu. Wenye maktaba walikuwa na sababu ya kunyamaza, na ukimya wao ni sehemu ya historia yake.

Naikubali hatari iliyo upande wa pili. Mira wa filamu na kaseti wa karne ya 20 amelainishwa akawa mke mwema wa Mungu anayeweza kutundikwa ukutani katika nyumba ya watu wenye heshima zao, na hilo limefanyika kwa njia ya nyimbo. Lakini waliomlainisha ni studio na wachapishaji wa mijini. Wale wa vijijini, kwa maelezo ya Mukta, waliendelea kuimba habari za mwanamke aliyetupa vito na kuukana ufalme, kwa kuwa walikuwa na haja naye.

Kwa Ravidas haja hiyo imekuwa jambo la uhai na kifo. Kitabu cha Masingasinga kina mashairi yake yapatayo 40, yaliyofungwa humo tangu 1604, na hakuna mhakiki anayeyatilia shaka kubwa. Mwaka 2009 kiongozi mmoja wa wafuasi wake alipigwa risasi hekaluni Vienna akafariki, na mapema mwaka 2010 sehemu ya wafuasi hao walitangaza dini yao wenyewe, pamoja na kitabu chenye tungo 240 za Ravidas. Kwa mizani ya miswada, takribani 200 kati ya hizo ni za kutiliwa mashaka. Lakini ni jamii gani iliyokuwa na uwezo wa kunakili mashairi ya mshona ngozi, katika nchi ambayo kivuli cha mshona ngozi kilihesabiwa kuwa najisi? Jamii yake ilikatazwa kusoma, ikayaweka mahali pekee ilipoweza kuyaweka, yaani kifuani. Kuidai leo ilete karatasi ni kuiadhibu mara ya pili kwa kosa lilelile ililofanyiwa. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza uandishi wa katiba ya India na ambaye mwenyewe alizaliwa katika tabaka lililobaguliwa, alipotoa kitabu chake kuhusu asili ya watu hao mwaka 1948 alikitabaruku kwa watakatifu watatu: Nandanar, Ravidas na Chokhamela. Kuhusu huyo wa tatu, aliyefariki katika karne ya 14 baada ya kuangukiwa na ukuta aliokuwa akiujenga kwa lazima, yasimuliwa kwamba Namdev aliitambua mifupa yake kati ya mifupa ya wenzake kwa sababu ilikuwa bado inataja jina la Vitthal, mungu wake. Sidhani kwamba waliolisimulia hilo walikuwa na swali lolote kuhusu mahali ushairi unapohifadhiwa.

Isije ikadhaniwa kwamba nakiona kitabu kuwa adui wa sauti. Hicho kitabu cha Masingasinga ni jibu zuri kuliko yote yaliyopata kutolewa. Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Masingasinga, alipokikusanya alichagua, akakataa mengine, mlango ukafungwa baadaye, na nakala rasmi za leo zote zina kurasa 1,430, neno kwa neno. Hata hivyo sehemu yake kubwa imepangwa kwa raga, kwa mahadhi ya kuimbiwa, na hivyo maandishi yenyewe yanamwamuru msomaji asiyasome kimyakimya. Msafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi anayesimama kwenye hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli, hupewa chai na chakula bure bila kuulizwa dini yake. Chumba cha pili kutoka pale anapokula, maneno ya Kabir, ya Farid, ya Namdev na ya Ravidas yamo ndani ya kitabu kile kile kilichofunikwa vitambaa, yakisomwa na kuimbwa kila siku. Mfumaji, sufi, mshona nguo na mshona ngozi wamefika Ukambani pamoja.

Jamii nyingine ya pwani yetu ina kisa kinachoonyesha nini hutokea mashairi ya kuimbwa yanapoulizwa maswali ya hati. Wakhoja, ambao walikuwa wamekwisha kukaa Zanzibar tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, wana nyimbo za ibada zinazoitwa ginan, zilizochanganya Kigujarati, Kisindhi na Kihindi, zikihusishwa na masheikh wa zamani kama Pir Shams na Pir Sadruddin. Mwaka 1866 mahakama kuu ya Bombay, mbele ya jaji Joseph Arnould, ilitakiwa kuamua Wakhoja ni watu wa madhehebu gani, na ginan iitwayo Dasavatar ikawa sehemu ya ushahidi. Utungo ambao watu walikuwa wakiuimba bila ya kuona mgongano kati ya Ali na maumbo kumi ya Vishnu uligeuzwa shahidi wa kuhojiwa. Baadaye wasomi walisema kwamba lugha ya ginan nyingi ni ya karne za karibuni kuliko uhai wa masheikh wanaotajwa. Yawezekana kabisa. Lakini mtoto anayejifunza ginan katika jamatkhana, nyumba yao ya ibada, ya Dar es Salaam, bila hata ya kukijua Kisindhi, anajifunza sauti aliyoachiwa na bibi yake, na kwake hiyo ndiyo hati.

Leo tishio limebadilika sura, nalo linawagusa wahakiki na waimbaji kwa pamoja. Mwaka 1948 Kumar Gandharva, mwimbaji kijana aliyekuwa ameshapata jina, alihamia Dewas, mji wa eneo la Malwa katikati ya India, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, na kwa miaka takribani sita hakuimba. Akiwa kitandani alisikia sauti za waimbaji ombaomba wa mapokeo ya watawa wa Nath waliopita njiani na Kabir wao, wakiirusha sauti kana kwamba hakuna ukuta wa kuizuia, na alipopona kwa pafu moja aliileta namna hiyo kwenye jukwaa la muziki wa kiungwana wa India. Hapa mwimbaji wa barabarani alimlisha bingwa. Ninachohofia ni mwendo wa kurudi: rekodi ya bingwa inapofika kijijini kwa simu, na mwimbaji wa Malwa aliyekuwa na Kabir wa baba yake akaanza kumwiga Kabir wa intaneti. Miswada haikuwahi kuwa na nguvu hiyo, kwa kuwa haikuingia kila nyumba.

Kwa hiyo kazi ya toleo la kisasa, kwa maoni yangu, ni kuonyesha chini ya kila shairi lilionekana kwanza wapi na mwaka gani, bila kulifuta lile lililochelewa, na kurekodi pamoja nalo namna linavyoimbwa na watu wasio na jina kubwa, wakitajwa wao na vijiji vyao. Na fedha zigawanywe hivyohivyo. Kwenye ukuta wa hekalu kuu la Thanjavur upo mwandiko wa Rajaraja wa Kwanza, mfalme yuleyule wa simulizi la mchwa. Unaorodhesha waimbaji 48 wa tenzi zile, pamoja na wapiga ngoma wawili, na kipimo cha mpunga ambacho kila mmoja atapewa kwa siku. Mwandiko unaeleza pia kwamba mwimbaji akifa au akihama, jamaa yake wa karibu atachukua mpunga ule na kuimba mahali pake, na ikiwa jamaa huyo hawezi kuimba, ateuliwe anayeweza.